Nilimpeleka Mama kula uboho London: chakula cha msimu, cha kushibisha, na hoteli zetu kubwa

Mpishi wa Kibo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mpishi kwa kazi. Miaka sita ya mwanzo nilipikia Dar, sasa niko Uingereza. Oktoba iliyopita Mama alikuja kunitembelea kutoka Marangu. Nikaona nimpeleke mgahawa niliokuwa nautamani tangu nilipofika hapa, unaitwa St. John, jirani kabisa na soko la nyama la Smithfield.

Kwa wasioujua: ulifunguliwa 1994 na Fergus Henderson pamoja na mwenzake Trevor Gulliver, kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa la kukaushia nyama ya nguruwe kwa moshi. Henderson alisomea usanifu wa majengo, chuo cha upishi hakukipitia. Msimamo wake ni kwamba ukishamchinja mnyama, heshima unayoweza kumpa ni kumla wote, kuanzia pua hadi mkia. Mwaka 2009 mgahawa ukapewa nyota ya Michelin, tuzo kubwa ya migahawa, na jambo hilo liliwashangaza wengi, maana kinachopikwa pale ni moyo, figo, utumbo, ulimi na mifupa.

Ukiingia, kuta ni nyeupe tupu. Hakuna picha, hakuna maua, hakuna muziki. Koti lako unalitundika kwenye vigingi vya ukutani. Meza imetandikwa kitambaa na juu yake karatasi nyeupe. Mama aliangalia huku na huku akaniuliza kama wamehamia juzi.

Menyu ni karatasi moja, na juu yake imeandikwa tarehe ya siku ile. Ya mchana siyo ya usiku. Kitu kikiisha jikoni, mhudumu anakuja kukwambia kimeisha, na anakwambia bila aibu yoyote.

Tukaagiza mifupa. Hiyo ndiyo sahani yao ya tangu siku walipofungua: mifupa ya muundi wa ndama iliyokatwa vipande vya urefu wa kidole hivi, ikaokwa kwenye oveni, inaletwa imesimama wima kwenye sahani. Pembeni kuna mkate uliobanikwa, kichuguu cha chumvi ya mawe, na saladi ya pasli (huyu ni ndugu wa giligilani), vitunguu vidogo, ndimu, na vile vifumba vya maua vilivyolowekwa kwenye chumvi vinavyoitwa kepa. Unapewa na kijiko chembamba kirefu cha kuchokonolea uboho.

Mama alikitazama kile kijiko, akakiweka pembeni. Akashika mfupa kwa kitambaa, akaupiga kwenye kiganja mara mbili, uboho ukateleza mzima kama ulivyo. Akaupaka kwenye mkate, akatupia chumvi, akatupia majani. Mhudumu alisimama akatazama hadi mwisho, kisha akaleta mkate mwingine hatujauomba. Mama akanigeukia: "Baba, si huu ndio tunaompikia mzazi?"

Ndio wenyewe. Kwetu mama aliyejifungua anapikiwa mtori, ndizi na nyama yenye mifupa, vinachemka mpaka uboho unatoka na kuingia kwenye ndizi, halafu unapondwa wote pamoja. Mama ameupika kwa wakwe, kwa mabinti, kwa majirani, kwa miaka zaidi ya arobaini. Na siku ile alikuwa amekaa mbele ya mfupa uleule, kwenye mgahawa ambao watu wanapanda ndege kuufuata.

Ikaja pai ya watu wawili. Unga wake umekandwa kwa mafuta ya figo ya ng'ombe, ndani nyama iliyopikwa polepole mpaka inaachana yenyewe, na kando bakuli la kabichi. Ni chakula cha baridi kile, kizito, cha mtu aliyetoka kulima. Tulimaliza kwa keki ndogo za zabibu kavu zinazoitwa Eccles, zinaliwa na kipande cha jibini la Lancashire. Mama jibini aliniachia mimi.

Meza ya jirani walikuwa wanakula ndege wa porini, jamii ya kwale wetu, anaitwa grouse. Huyo kisheria anawindwa kuanzia Agosti 12 hadi Desemba 10 tu. Mhudumu anawatahadharisha wateja kwamba wanaweza kukutana na punje za risasi kwenye nyama. Msimu ukiisha, jina lake linafutwa kwenye karatasi hadi mwaka mwingine. Hakuna mteja anayegomba.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Nikiwa Dar nilifanya kazi kwenye hoteli moja kubwa, sitaitaja. Menyu yetu ilikuwa kitabu cha kurasa nyingi chenye majalada ya plastiki, na kwa muda wote niliokuwa pale haikubadilika hata mstari mmoja. Nyama ya steki ilitoka nje imegandishwa. Mboga za kuchanganya zilitoka nje kwenye mifuko, wakati malori ya Lushoto yanashusha karoti na kabichi asubuhi ileile mjini. Januari embe dodo zimejaa barabarani, sisi tunampa mgeni sharubati ya boksi. Na saa tisa mchana, wageni wakishapungua, wapishi wote tulikuwa tunakaa nyuma ya jiko kwenye ndoo zilizopinduliwa tunakula makongoro, supu ya miguu ya ng'ombe. Makongoro matamu, yaliyochemka tangu alfajiri. Mbele mgeni analipa dola kwa kitu cha friza, nyuma tunakula chakula chenyewe.

Niliwahi kumwambia mkuu wa jiko tuweke supu ile kwenye menyu, japo Jumamosi tu. Akanijibu kwamba wageni hawakuja hotelini kula chakula cha stendi. Maneno yale nimekaa nayo miaka mingi. Nilipomwona Mama anagonga mfupa kwenye kiganja pale London nikasema nitayaandika.

Ninachosema ni hiki: tuna misimu, tuna mnyama mzima, tuna mama zetu wanaojua kupika polepole. Kwa nini mgahawa wa hadhi wa chakula chetu cha msimu usisimame Dar, Arusha au Mombasa, mtu akavaa vizuri, akapeleka mkewe, akala kongoro kwenye sahani nzuri na kitambaa mapajani?

Karibuni.

Binti Mkunazini

Ahsante kaka kwa uzi, na hongera kwa kumpeleka Mama. Swali langu la kwanza unalijua: sisi Waislamu tutakula nini hapo?

La pili, umetaja Dar, Arusha, Mombasa, Unguja umeisahau. Huku msimu tunausoma baharini. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba mpaka Machi, bahari imetulia, madau yanatoka mbali na nguru na jodari wanapatikana. Kusi ikija bahari inachafuka, samaki wakubwa wanakuwa adimu, unakula changu wa karibu na miamba. Pweza tunamtazama kwa bamvua, maji yakikauka sana ndiyo akina mama wanateremka mwambani. Pemba, Kisiwa Panza, wanakijiji wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, wakifungua wanatoka wakubwa. Sasa nenda hoteli za ufukweni: pweza wa kuchoma kila siku mwaka mzima, kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Anatoka wapi? Ni mdogo, amevuliwa kabla ya wakati, au ametoka kwenye barafu.

Mpishi wa Kibo

Dada, nakujibu kwa ukweli: nyama ya pale haijachinjwa kwa masharti yenu, na nguruwe yupo kwenye menyu waziwazi. Muislamu anabaki na samaki, mboga, jibini na mkate, na hapo pia ni vizuri kumuuliza mhudumu mafuta gani yametumika. Lakini upishi wenyewe hauhitaji nguruwe hata kidogo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wa halali wanatosha kuujaza mwaka mzima.

Na hili la pweza nakushukuru, sikulijua kwa kina hivi. Fikiria karatasi ya menyu ya Forodhani imeandikwa juu "bamvua", pweza yupo, na wiki inayofuata hayupo. Mgeni angejifunza bahari kupitia sahani.

Mhaya wa Kashai

Naungana na mtoa uzi. Kwetu Bukoba huhitaji kalenda, senene (wale panzi wa kuliwa) ndio kalenda. Mvua za Novemba zikishika, usiku utaona taa kali zimewashwa na mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, senene wanaifuata taa, wanagonga bati wanateleza ndani. Waganda wenyewe mwezi wa Novemba wanauita Museenene. Asubuhi familia nzima inakaa chini kunyonyoa mabawa na miguu, kisha wanakaangwa bila kuongeza mafuta maana wenyewe wanayo ya kutosha. Zamani binti aliyewakusanya alikuwa anampelekea mumewe.

Ilikuwa chakula cha heshima, siyo cha njaa. Mgeni mkubwa ukimtengea senene wa moto na ndizi, umemheshimu. Nashangaa Dar wanauzwa kwenye vifuko vidogo stendi kama karanga na hakuna mgahawa wa maana unaowaandaa mezani wakiwa wabichi wa msimu.

Kabwela wa Tandale

Mkuu, nimesoma yote kwa makini na uandishi wako nimeupenda. Ila naomba nikupinge.

Bakuli la kongoro huku kwetu ni shilingi elfu tatu, na chapati mbili juu. Wewe ukiliweka kwenye sahani nzuri na kitambaa mapajani utaliuza elfu arobaini. Nani atalipa? Na akipatikana wa kulipa, mimi ndiye nitakayeumia. Kuku wa kienyeji alikuwa kuku wa kila nyumba, wenye pesa wakamgundua, leo tunamwona sikukuu hadi sikukuu. Kongoro, utumbo, kichwa na mifupa ndio protini iliyobaki kwa watu wa hali yangu. Mkiviita vya hadhi, mchinjaji pale Vingunguti atawauzia nyinyi kwanza. Hebu tujibu hilo.

Wa Kiambu

Salamu kutoka Kenya. Kabwela ana hoja, lakini pia tusijidanganye: Nairobi hii vitu vimeshaanza kupanda daraja. Mutura, ile soseji yetu ya utumbo uliojazwa nyama na damu, ilikuwa ya kuliwa umesimama kando ya barabara jioni, kachumbari juu ya ubao na chumvi. Sasa utaipata hata kwenye sherehe za watu wenye magari makubwa, imekatwa vipande vidogo na vijiti. Na ile ya kando ya barabara bado ipo, bado ni ya mwananchi.

Mimi msimu ninaoutetea ni wa githeri. Watu wengi wanaijua ya mahindi makavu, wameila shuleni wakaichukia. Ngoja mvua ndefu zipite, upate mahindi mabichi na maharagwe mabichi ya kumenya siku ileile, vitunguu kidogo, dania, chumvi. Ni tamu kiasi kwamba huhitaji nyama. Inadumu wiki chache tu halafu imeenda. Kama kuna chakula kinastahili karatasi yenye tarehe ni hicho.

Mpishi wa Kibo

Kabwela, nimekaa na swali lako jana usiku mzima kazini. Sitalipunguza, maana huku limeshatokea. Mkia wa ng'ombe Uingereza ulikuwa nyama ya watu wa kipato cha chini, na familia za Wakaribi waliohamia huku waliujenga upishi wao juu yake. Baada ya migahawa kuupenda, bei ilipanda mpaka wale waliouhifadhi kwa miaka yote wanalalamika buchani. Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli.

Ila naomba uangalie na upande wa pili. Hoteli ile niliyofanyia kazi ilinunua steki za nje. Pesa ile haikufika Vingunguti, haikufika Lushoto, haikumfikia mfugaji wa Manyara. Mgahawa ninaouwaza unanunua ng'ombe mzima. Ukinunua mzima huwezi kuishi kwa kongoro peke yake, una miguu minne tu na kilo nyingi za nyama nyingine. Jumanne unauza ulimi, Jumatano moyo wa kubanika, Alhamisi maini, shingo inaingia kwenye mchuzi wa saa sita, mifupa inatoa supu, mafuta unakaangia. Ndiyo maana menyu lazima ibadilike kila siku, mnyama mwenyewe anailazimisha. Anayemaliza kongoro la mji ni yule anayenunua miguu mia ya ng'ombe kwa sababu mtindo umeingia.

Na kuhusu bei: sisi wawili tulilipa zaidi ya pauni 150, ni pesa nyingi, sitaficha. Sehemu kubwa ya pesa ile si mfupa. Ni watu. Kuna aliyekesha na mchuzi, kuna anayeosha sufuria, kuna yule mhudumu aliyeona mkate umeisha kabla yetu. Kama mgahawa wa Dar utauza elfu arobaini na mama aliyepika supu kwa miaka ishirini pale Tandale akaajiriwa kuongoza jiko kwa mshahara wa mpishi mkuu, nitaitetea bei hiyo. Kama atabaki nyuma amekalia ndoo, basi nitakuwa upande wako.

Kabwela wa Tandale

Hapo kwenye mama kuongoza jiko umenigusa. Mama yangu mzazi aliuza supu kwa miaka kumi na nane. Hakuna hoteli iliyowahi kumuuliza hata chumvi anaweka saa ngapi.

Mpishi wa Kibo

Mkuu, mimi namuuliza. Anaweka saa ngapi?

Kabwela wa Tandale

Mwisho kabisa. Miguu inaunguzwa manyoya kwa moto, inakwanguliwa kwa kisu mpaka iwe nyeupe, inachemshwa mara ya kwanza na maji yale yanamwagwa. Maji ya pili ndiyo supu. Tangawizi na kitunguu saumu vinaingia mapema, moto mdogo tangu saa nane usiku. Chumvi na ndimu ni wakati wa kuuza, alikuwa anasema ukitanguliza chumvi supu ikipungua inakuwa chumvi tupu.

Mpishi wa Kibo

Haya ndiyo niliyofundishwa huku na wapishi waliolipia chuo. Maji ya kwanza kumwagwa, moto mdogo, chumvi mwishoni. Ahsante sana, na umfikishie Mama salaam zangu, shikamoo yake.

Shamba la Njombe

Naongeza la wakulima. Shida ya hoteli kununua kwetu siyo ubaya wa mazao, ni kwamba wanataka kitu kilekile kila wiki, kwa ukubwa uleule, na wanalipa baada ya siku tisini. Mkulima wa parachichi au viazi hawezi kusubiri siku tisini. Mwenye mgahawa akiniambia "niletee ulichonacho wiki hii, nitapika hicho, nitakulipa ukishusha", nitamletea hata uyoga wa mvua za kwanza, mnavu, na maboga yenye majani yake. Hivi vitu shambani vipo, vinaliwa nyumbani tu, kwa sababu haviko kwenye kitabu chake chenye plastiki.

Mpishi wa Kibo

Kulipa ukishusha. Hilo nimeliandika kwenye daftari na nimelipigia mstari.

Mke wa Mwalimu, Moshi

Habari za humu. Nimesoma uzi huu Ijumaa, Jumamosi nikaenda bucha. Nilimwomba kijana anikatie mifupa ya muundi kwa msumeno, akanipa vipande vinane kwa bei ya mifupa ya mbwa. Sina oveni. Nimetumia sufuria kubwa yenye mchanga chini, mkaa juu na chini kama tunavyooka keki. Pasli sikupata, nimetumia giligilani, kitunguu, ndimu. Mume wangu na watoto wamekula na mkate wa kubanika, wamebaki wanapigania wa mwisho. Lakini vipande viwili uboho uliyeyuka wote ukamwagika, nikabaki na mfupa mtupu. Nilikosea wapi?

Mpishi wa Kibo

Dada yangu, umenifurahisha kuliko unavyodhani. Hujakosea sana, ni muda. Uboho ni mafuta, ukizidisha unayeyuka. Oveni kali inataka kama dakika ishirini. Kwa mkaa, anza kuchungulia dakika ya kumi na tano: chomeka njiti katikati ya uboho, ikipita bila kukwama na uboho bado umeshikana, toa. Vile vipande viwili huenda vilikuwa vimekaa karibu na ukingo ambako mkaa ni mkali. Simamisha mifupa wima, upande mpana chini, na uipange katikati.

Mafuta yaliyomwagika usiyatupe, kaangia ndizi. Na mifupa mitupu ichemshe kesho kwa mtori.

Mke wa Mwalimu, Moshi

Iko jikoni tayari. Ndizi mshare nimeshazimenya.